Shajara ya mradi: familia za Pine Creek, vizazi vinne na majirani zao

9 Januari

Haya jamani, mradi umeanza rasmi na nimeona niwe naandika humu maendeleo kidogo kidogo, maana watu wanauliza na siwezi kumjibu kila mmoja kwenye simu. Tunakusanya historia za familia zilizohamia magharibi mwa Kanada zaidi ya miaka mia iliyopita, hasa familia za Weusi waliotoka Oklahoma wakaenda kufungua mashamba kaskazini mwa Alberta, sehemu iliyoitwa Pine Creek na baadaye ikaja kuitwa Amber Valley, mashariki ya mji wa Athabasca, kama kilomita 160 na kitu kutoka hapa Edmonton. Ni familia zenye vizazi vinne, nyingine vitano sasa. Mimi nimeingia kupitia kwa bibi mmoja wa kanisani kwetu, ana miaka themanini na ushee, babu yake alichukua shamba kule mwaka 1911, na ana boksi zima la picha na makaratasi ambalo wajukuu hawajalifungua hata siku moja. Sisi Waswahili wa pale kanisani, Watanzania, Wakenya, Wakongo, tunamwita Bibi tu na yeye anaitika. Majina ya walio hai siyaweki humu, hilo tulikubaliana naye mapema.

Kuna aliyeniuliza mimi mtu wa Tanga inanihusu nini. Inanihusu sana. Watoto wetu wanaozaliwa Edmonton wanaulizwa kila leo wametoka wapi, na wenyewe wanaamini kabisa kwamba mtu Mweusi ameanza kuonekana Alberta wakati wazazi wao walipokuja, miaka ya tisini huko. Wakati mchunga ng'ombe Mweusi John Ware alishafika huku 1882 na msafara wa ng'ombe, na akina Bibi wakafuata kwa mamia. Mwanangu anapita kila siku kwenye barabara zilizokanyagwa na watu wale na hajui, na mwalimu wake naye hajui.

Kisa cha kuhama kwenyewe ni kifupi na kinauma. Oklahoma ilipofanywa jimbo mwaka 1907, sheria ya kwanza kabisa bunge lao kupitisha ilikuwa ya kuwatenga Weusi na Wazungu kwenye treni na stesheni. 1910 wakaongeza mtihani wa kusoma na kuandika kwa anayetaka kupiga kura, na anayesamehewa mtihani ni yule ambaye yeye au ukoo wake walikuwa na kura mwanzoni mwa 1866, sasa mtu ambaye babu yake alikuwa mtumwa atasamehewa vipi? Mahakama Kuu ya Marekani ilikuja kukitupa kifungu hicho 1915 lakini watu walishafungasha. Na wakati huohuo Kanada ilikuwa inatangaza ardhi ya bure, matangazo yanafika mpaka Oklahoma, yakasomwa na Weusi kama yalivyosomwa na Wazungu. Kati ya 1908 na 1912 hivi walivuka watu kama elfu moja na zaidi kidogo, wakagawanyika: Pine Creek, Keystone, Campsie na Junkins kwa upande wa Alberta, na Eldon karibu na Maidstone kwa upande wa Saskatchewan.

26 Januari

Wiki hii yote nimejifunza kusoma anwani za mashamba, na bila hiyo hakuna kinachoenda.

Sheria ya ardhi ya 1872 ilisema hivi: mwanaume yeyote aliyefikisha umri (mwanzo miaka 21, wakashusha mpaka 18) analipa dola 10 za kujiandikisha, anapewa ekari 160, halafu ana miaka mitatu ya kuthibitisha. Akae pale walau miezi sita kila mwaka, ajenge nyumba, alime eneo fulani, mara nyingi kama ekari 30. Akitimiza anapewa hati miliki, asipotimiza anapewa mwingine. Shamba la namna hiyo ndilo homstedi.

Ardhi yenyewe ilishapimwa miraba kabla watu hawajafika. Taunishipi moja ni maili sita kwa sita, ndani yake seksheni 36, kila seksheni ekari 640, na robo yake ndiyo hizo 160. Seksheni zinahesabiwa kuanzia kona ya kusini-mashariki kwenda magharibi, zikifika ukingoni zinapanda mstari mmoja na kurudi mashariki, kama maksai wanavyogeuka na plau mwisho wa shamba. Kwa hiyo anwani ya mtu inakuwa robo gani, seksheni, taunishipi, renji (safu ya taunishipi kwenda magharibi), meridiani (mstari wa kaskazini-kusini ambako renji zinaanza kuhesabiwa). Ukishaizoea unaweza kuchukua faili la mtu aliyekufa 1940 ukaweka kidole kwenye ramani ya simu, hapa ndipo palikuwa mlango wake.

Kuna jambo nililigundua hapo kwenye miraba na nimelifikiria sana. Seksheni mbili, ya 11 na ya 29, zilitengwa kwa ajili ya shule, ya 8 na sehemu kubwa ya 26 zilikuwa za kampuni ya Hudson's Bay, na kwa miaka mingi zile za namba witiri zilishikwa kwa ajili ya makampuni ya reli. Maana yake hata sehemu iliyojaa watu bado ilikuwa na mapengo katikati, jirani yako wa karibu yuko nusu maili au maili nzima, na katikati ni msitu na kinamasi. Kwa sisi tuliokulia nyumba zimebanana, unaomba chumvi dirishani, hebu pata picha mama amejifungua Januari na wa kumwita yuko maili nzima kwenye theluji.

14 Februari

Faili la babu yake Bibi limepatikana!! Mafaili ya homstedi ya Alberta ya 1870 hadi 1930 yamehifadhiwa kwenye maikrofilamu na yameskaniwa, yako wazi mtandaoni, kazi ni kupata namba ya faili na kuvumilia kusogeza kurasa, maana filamu moja ina watu wengi na mwandiko wa makarani wengine ni mbaya jamani.

Nimelisoma usiku kucha. Ana karatasi ya maombi, barua mbili tatu za ofisi ya ardhi, na ile fomu kubwa ya kiapo ambayo ndiyo moyo wa faili. Aliandikisha Mei 1911. Nyumba ya magogo futi 16 kwa 18, thamani ameweka dola 125, kisima kimoja, zizi, wigo kidogo. Maksai wawili na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mwaka wa kwanza alilima ekari moja na nusu. Moja na nusu! Ule ulikuwa msitu, kila futi ni kisiki cha kung'oa kwa shoka na mnyororo na hao maksai wawili. Mwaka wa pili nne, wa tatu tano, mpaka anaomba hati amefikisha 19, na inspekta akaandika kwamba robo ile ni miti mizito hivyo sharti lipunguzwe, sheria iliruhusu. Pale panapouliza ulikuwa wapi ulipokuwa haupo shambani, kila mwaka jibu ni lilelile: nilikwenda Edmonton kufanya kazi. Na kwenda Edmonton wakati ule ni ile njia ya Athabasca Landing, maili 100 za matope na mbu, reli ilifika Athabasca 1912 tu.

Sasa sheria ilidai mashahidi wawili, majirani, nao waape mbele ya ofisa kwamba kweli huyu bwana anaishi pale na amelima alichosema. Shahidi wa kwanza ni mtu wa Oklahoma kama yeye. Wa pili ni mtu wa Galicia, yaani Ukraine ya leo upande wa magharibi, wakati ule iko chini ya Austria. Babu yake Bibi amesaini jina lake kamili kwa herufi nzuri za kulala. Huyu wa Galicia ameweka alama ya X na ofisa ameandika jina lake pembeni.

Nimempelekea Bibi ile saini, nimeichapisha kubwa. Akaishika akaniambia, "Mwanangu, mkono huu ndio ulionifundisha kuandika." Hakuwa amewahi kuiona ile fomu maisha yake yote.

23 Februari

Mpango wa mradi tumeubadilisha, naeleza sababu.

Mwanzo tulitaka kila familia iwe na sura yake, mti wa ukoo juu, picha, hadithi, basi. Lakini nilipoanza kuvuta mafaili ya wale mashahidi, na wao nao wana mashahidi, nikaona majina yanajirudia. Babu yake Bibi amemshuhudia yule wa Oklahoma, yule wa Oklahoma amemshuhudia mwingine, yule wa Galicia ameshuhudiwa na babu yake Bibi na Mnorwei mmoja. Nimeandika majina kwenye karatasi kubwa ya ukutani na kuyaunganisha kwa kalamu nyekundu, na imekuwa wavu mmoja. Hati ya mtu yeyote kati yao isingetoka bila jirani kusimama mbele ya serikali na kuapa. Sasa nikiandika familia ya Bibi peke yake nitakuwa nimeandika robo ya habari, kwa hiyo tunapanga kwa ujirani, tunaanza na robo moja ya ardhi na tunatoka kwenda kwa mashahidi wake, na mashahidi wa mashahidi. Dada mmoja Mkenya anayetusaidia na kompyuta alisema itatuchelewesha. Ni kweli itachelewesha, na bado naona ndiyo njia.

6 Machi

Sehemu ngumu. Wiki hii nimeshughulika na mwaka 1911 wenyewe.

Machi 1911 kundi la karibu watu 200 kutoka Oklahoma, wakiongozwa na Henry Sneed, walifika mpakani Emerson, Manitoba. Maofisa waliwakagua afya na mali kwa ukali kuliko kawaida wakitafuta sababu ya kuwarudisha, hawakupata, kundi likapita. Hapa Edmonton chemba ya wafanyabiashara ikazungusha waraka wa kutaka serikali izuie Weusi wasiingie, wakasaini zaidi ya watu 3,000 katika mji wa watu kama 25,000, yaani ukipita mtaani unakutana na waliosaini kila kona. Waziri aliyesimamia uhamiaji alikuwa Frank Oliver, mbunge wa hapahapa na mwenye gazeti hapahapa. Serikali ikatuma mawakala Oklahoma kwenda kuwavunja watu moyo, na mmoja wao alikuwa daktari Mweusi kutoka Chicago, walijua wanachofanya. Halafu tarehe 12 Agosti 1911 baraza la mawaziri la waziri mkuu Wilfrid Laurier likapitisha amri ya kuzuia kwa mwaka mmoja wahamiaji wa asili ya Kiafrika, eti hawafai kwa hali ya hewa na mahitaji ya Kanada. Amri haikutekelezwa, ikafutwa Oktoba mwaka huohuo, Laurier alikuwa ameshashindwa uchaguzi wa Septemba. Lakini wale mawakala walishafanya kazi yao na watu wakaacha kuja.

Nimerudi kwenye faili. Ile fomu inauliza, ulianza lini kuishi ndani ya nyumba yako? Jibu: Agosti 1911. Mwezi uleule. Mawaziri wako Ottawa wanasaini kwamba mtu huyu hawezi baridi, na yeye yuko Pine Creek anaziba nyufa za magogo kwa udongo kabla theluji haijaanza. Na alikaa. Walikaa hao, wenye hewa isiyowafaa, wakazika wazazi wao pale na kuzaa watoto pale.

Nilimuuliza Bibi kama nyumbani walikuwa wanaizungumza ile amri. Akasema hata kidogo, yeye ameijua akiwa mtu mzima, wazee walichokuwa wanazungumza ni visiki.

20 Machi

Wanawake. Hapa mafaili yanatuangusha vibaya. Mwanamke hakuruhusiwa kuchukua homstedi isipokuwa awe mkuu wa familia, kwa kawaida mjane mwenye watoto wadogo. Kwa hiyo bibi yake Bibi, aliyekaa miaka hamsini kwenye shamba lile, katika faili zima yumo kwenye mstari mmoja tu, "mke na watoto wanne", hana jina.

Na ukirudi kwenye yale majibu ya "nilikwenda Edmonton kufanya kazi", nani alikuwa anabaki? Masharti ya miezi sita yalitimizwa na nani mume akiwa kwenye machinjio ya mjini au kwenye ujenzi wa reli? Huyo mama ndiye aliyekuwa anawasha moto, anakamua, anakata kuni, anayeyusha theluji apate maji. Bibi alinikalisha mchana mzima na nilirekodi yote. Magunia ya unga yalifuliwa mpaka maandishi yatoke, yakashonwa nguo za ndani za watoto, vipande vilivyobaki vikaingia kwenye mablanketi ya viraka. Sabuni walichemsha wenyewe kwa mafuta ya nguruwe na maji ya majivu. Kiangazi watoto wanatumwa porini kuchuma zile tunda ndogo za buluu kwa ndoo, zinawekwa kwenye chupa za kioo, na mwezi wa pili mnakula na mkate. Anakumbuka blanketi moja lenye kipande cha gauni ambalo bibi yake alilivaa kwenye treni kutoka Oklahoma, hakuwahi kulitupa lile gauni, alilikata. Blanketi analo. Nimelipiga picha viraka kimoja kimoja, na kwenye kitabu linapewa kurasa sawasawa na faili la ardhi.

Kule Eldon, Saskatchewan, kulikuwa na Mattie Mayes, aliyezaliwa utumwani, akafika na mumewe Joe na watoto, akawa mkunga wa eneo lile, Weusi na Wazungu wote. Kanisa lao la magogo, Shiloh, bado limesimama pamoja na makaburi. Kila eneo lilikuwa na mama wa namna hiyo. Ndiyo maana sasa kwenye kila mahojiano swali langu la kwanza ni nani alizalisha watoto hapa, na hapo mazungumzo yanafunguka.

11 Aprili

Familia ya yule shahidi wa X. Nimewapata! Wajukuu zake wako Edmonton na mmoja bado analima karibu na Athabasca. Kaka huyu aliponisikia natafuta babu yake alidhani ni mambo ya kodi, nilipomtumia picha ya ile alama alipiga simu yeye mwenyewe.

Waukraine wa kwanza kuja kukaa walifika 1891, halafu kati ya 1896 na 1914 wakaja kama 170,000, na huku Alberta wengi walianzia mashariki ya Edmonton, Edna na Star. Familia hii ilianzia kule, ardhi ilipojaa mtoto wa kiume akapanda kaskazini kutafuta robo yake. Baridi ya kwanza walikaa kwenye shimo lililoezekwa magogo na udongo wa nyasi. Kuwatafuta kwenye sensa ni kazi, jina la ukoo limeandikwa kila sensa kivyake na asili yao inabadilika, mara Austria, mara Galicia, mara Ruthenia, ni watu walewale. Vita ya Kwanza ilipokuja, watu wenye karatasi za Austria wakahesabiwa maadui, zaidi ya 8,500 wakafungwa makambini, wengi wao Waukraine, na wengine wengi zaidi wakalazimika kuripoti polisi.

Hapo kaka akanisimulia kitu ambacho Bibi hakijui. Katika miaka ile ya vita babu yake aliogopa kwenda mjini, na aliyekuwa anamchukulia barua na chumvi ni "yule Mweusi wa Oklahoma mwenye maksai." Hana jina la mtu huyo, ni hadithi ya mezani kwao. Nimefungua ramani, nimeangalia anwani ya robo ya babu yake Bibi na ya huyu bwana. Wamepakana kona kwa kona. Siwezi kuapa ni yeye, walikuwepo wengine wenye maksai, ila nimeiandika ilivyosimuliwa na jina la msimuliaji limehifadhiwa. Jumapili ile nilimwambia Bibi, akapiga makofi.

30 Aprili

Kuna jambo ambalo kaka mmoja Mkongo kwenye kikundi amelisukuma na ana haki. Alisema, mnaandika ardhi ya bure, ardhi ya bure, ilikuwa ya nani? Ardhi hii ni ya Wenyeji wa asili, Wacree na Wadene, na ya Wametisi (uzao wa Wenyeji na Wazungu), mikataba ya Wenyeji na serikali namba 6 ya 1876 na namba 8 ya 1899 ndiyo iliyotangulia wapimaji. Na Mwenyeji wa asili aliyeandikishwa na serikali, kwa sheria ya 1876, alikatazwa kuchukua homstedi huku magharibi. Yaani mtu wa Oklahoma, mtu wa Galicia, Mnorwei, wote wanaweza kuandikisha robo kwa dola 10, mwenye nchi hawezi. Mwaka 1889 serikali ikaweka na sera kwamba wakulima Wenyeji kwenye maeneo waliyotengewa watumie zana za mkono, wasiwe na mashine, wakati jirani Mzungu ananunua mashine ya kuvuna.

Wametisi walipewa skripti, cheti cha ekari 240 au dola 240 kwa mkataba wa 1899, na walanguzi walikuwa wanafuatana na tume wananunua kwa bei ya kutupa. Lakini fomu za skripti ni hazina kwa mtu anayetafuta ukoo, maana zinauliza baba ni nani, mama ni nani, ulizaliwa wapi, watoto wangapi, wangapi wamefariki. Zina mama! Kwenye wavu wetu wa mashahidi kuna Mmetisi mmoja, na kupitia skripti ya mama yake tumerudi nyuma mpaka miaka ya 1830, hakuna familia nyingine kwenye mradi iliyofika mbali hivyo. Sura yake inakuwa ya kwanza kitabuni. Kuna mwenzetu alipinga, anaona kitabu ni cha Weusi wa Alberta. Tulibishana na mwisho Bibi akasema aliyekuwepo ndiye anayekaribisha, ikaisha.

25 Mei

Tumekwenda Amber Valley, gari mbili, Bibi kiti cha mbele. Barabara namba 55 inapita katikati na kama hujui unapita tu, mashamba makubwa, nyasi, miti ya aspeni. Zamani palikuwa na watu kama mia tatu. Shule waliijenga wenyewe wakaiita Toles kwa jina la mmoja wao, kanisa, na posta ilipofunguliwa 1931 ndipo jina la Amber Valley likaanza. Timu yao ya besiboli ilijulikana kaskazini yote, na pikiniki yao ya kila mwaka watu wa rangi zote walikuja. Kuna makumbusho madogo, na nyumba ya shamba la ukoo wa Bowen imehifadhiwa kama urithi wa jimbo.

Robo ya babu yake tuliifikia kwa simu na ile anwani. Sasa inalimwa kanola, zao la mafuta ya kula, na mtu mwingine, alituruhusu kuingia. Bibi alituonyesha palipokuwa na nyumba kwa sababu ya vichaka vya maua vilivyopandwa na bibi yake mlangoni, nyumba hakuna tena ila vichaka vipo na vimeanza kutoa machipukizi. Watoto wetu walikuwepo, mwanangu alikuwa ameshika simu anarekodi, na kwa mara ya kwanza ni yeye aliyekuwa anauliza maswali, mimi nimenyamaza.

17 Juni

Kizazi cha tatu na cha nne. Hapa makaratasi yanabadilika kabisa, badala ya ardhi unasoma mishahara. Sensa ya 1931, ambayo ilifunguliwa 2023 tu kwa sababu ya ile sheria ya kufungia sensa miaka 92, inauliza mpaka kama nyumba ina redio. Nyumba ya akina Bibi jibu ni hapana. Wanaanza kuondoka taratibu, shule ya sekondari iko mjini, vita ya pili inachukua vijana, ekari 160 hazitoshi tena kulisha mtu mwenye trekta la mkopo. Wanaume wanakuwa wahudumu wa treni, wengine machinjioni, wanawake kazi za ndani. Na mjini siyo kwamba walipokelewa vizuri, mwaka 1922 Lulu Anderson alizuiwa kuingia ukumbi mmoja wa maonyesho hapa Edmonton, akaenda mahakamani akashindwa.

Halafu ona waliotoka kwenye mashamba yale. Violet King, ukoo wake ulianzia Keystone, 1954 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa wakili Kanada nzima. Eleanor Collins, wazazi wake walitoka Oklahoma, amezaliwa Edmonton 1919, alikuwa na kipindi chake kwenye televisheni ya taifa 1955, amefariki 2024 akiwa na miaka 104. Oliver Bowen, wa ukoo wa Bowen wa Amber Valley, injinia aliyesimamia ujenzi wa treni ya mjini ya Calgary iliyofunguliwa 1981, karakana yake moja ina jina lake. Reuben Mayes, wa ukoo wa Joe na Mattie, alicheza futiboli ya Kimarekani ligi kuu. Watoto wetu wanapanda ile treni.

Swali ninaloulizwa na wajukuu wengi kuliko yote ni la mafuta. Wa Keystone hasa, kwa sababu eneo la Pembina lilipatikana na mafuta 1953 na wao wanahisi wazee waliibiwa. Nimewaonyesha hati. Tangu 1887 serikali ilikuwa inabakiza madini, hati za baada ya hapo ni za juu ya ardhi tu, na hii ilikuwa kwa wote, Mweusi, Mzungu. Kwa hiyo visima vilipochimbwa mwenye shamba alilipwa kwa kupitiwa tu. Mzee mmoja alikasirika kidogo, alikuwa ameishi na lile deni kichwani miaka mingi. Nimemwachia nakala asome mwenyewe.

8 Julai

Rasimu ya sura za kwanza iko tayari: Wametisi, Bibi, Galicia, Mnorwei. Kila sura inaanza na anwani ya robo, halafu mashahidi, halafu nani alizalisha watoto, halafu vizazi. Tumekubaliana na familia zote kwamba mtu aliye hai anasoma sehemu yake kabla haijachapwa na akisema toa, tunatoa bila maneno.

Bibi amesoma yake na amerudisha na masahihisho ya kalamu kurasa nzima. Jina la bibi yake kwenye sensa limeandikwa vibaya, ameliandika juu kwa herufi kubwa na akataka liwe kwenye kichwa cha sura, kabla ya la babu. Limewekwa. Pia amepinga zile dola 125 za nyumba, anasema babu alikuwa anaitaja kwa wageni kwamba ni ya dola 200, tukaacha zote mbili, ya kwenye kiapo na ya kwa wageni.

Yule kaka wa shamba la Athabasca na Bibi wameongea kwenye simu wenyewe, sasa wanapanga pikiniki ya Agosti bila hata mimi. Ninachosubiri ni faili la Mnorwei, yeye mashahidi wake wote wawili ni wa Oklahoma na mmoja sijamwona mahali pengine popote, hayumo kwenye sensa ya 1916. Nimeshapata namba ya filamu, naanza nayo Jumatatu.